Ukubwa wa Chuo, Sifa ya Chuo, na Cheti cha Mkimbizi

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na vijana katika kuwakumbuka wote waliopitia Busia, Malaba na Mulanda



Kamati imeniomba niseme machache juu ya masomo ya vyuo. Nimekubali kwa sababu jambo hili sasa linazungumzwa kila jioni katika nyumba zetu. Mwanzoni mwa mwaka 2008 tulivuka Busia na Malaba tukikimbia ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Tulipokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, kisha tukahamishiwa Kiryandongo. Watoto waliovuka wakiwa mgongoni mwa mama zao sasa ni vijana wa umri wa chuo. Wenzetu wa Sudan Kusini na Kongo, waliokuja kwa njia nyingine, nao wana vijana wa umri huo huo. Swali lao ni moja: niende chuo gani?

Wazazi wengi hulijibu kwa neno moja, yaani Makerere. Wako hata wanaosema kwamba ni afadhali kijana akae nyumbani kuliko kwenda kusoma chuo kilichoko kando ya msitu wa Busitema. Leo naomba tuyapime maneno hayo kwa utulivu. Mimi nasema hivi: ukubwa wa chuo ni jambo moja, sifa yake ni jambo la pili, na faida ya cheti chake kwa mkimbizi ni jambo la tatu. Mambo haya matatu hayatembei pamoja siku zote.

JUU YA UKUBWA

Tuanze na Makerere yenyewe, maana ndiyo inayotajwa sana. Ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 tu, wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 ikaungana na Nairobi na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 ikasimama peke yake. Mwalimu Nyerere alisoma pale kuanzia 1943 hadi 1945. Baada yake walipita Mwai Kibaki na Benjamin Mkapa. Siku hizo wanafunzi wa Makerere walihesabika kwa mamia. Jina hilo tunalolitaja leo kwa heshima lilipatikana chuo kikiwa kidogo.

Wingi ulikuja baadaye. Tangu mwaka 1992 Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, na hesabu ikapanda mpaka kupita 30,000. Wengi walipata elimu ambao zamani wangeikosa, na hilo ni jema. Lakini kumbi za mihadhara zilijaa, na walimu walielemewa. Kwa hiyo anayesema "chuo kikubwa ndicho kizuri" akumbuke kwamba katika Makerere sifa ilitangulia, ukubwa ukafuata nyuma, tena ukaja na mizigo yake.

Sasa tutazame upande wa Busia na Tororo. Chuo Kikuu cha Busitema kiko wilaya ya Busia, kando ya barabara kuu itokayo Tororo kwenda Jinja. Ni cha serikali, na kilianzishwa mwaka 2007. Hapo Busitema palikuwa na chuo cha taifa cha zana za kilimo. Kampasi ya Nagongera, wilaya ya Tororo, ilikuwa chuo cha taifa cha walimu. Arapai, karibu na Soroti, palikuwa na chuo cha kilimo. Kitivo cha afya kiko Mbale penye hospitali ya rufaa, na kampasi nyingine ziko Namasagali na Pallisa.

Hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Barua ikisema "Busitema", bado hujui mtoto atalala wapi. Anayesomea uhandisi atakaa Busitema penyewe. Anayesomea ualimu wa sayansi atakwenda Nagongera. Anayesomea udaktari au uuguzi atakwenda Mbale. Chuo ni kimoja, lakini nauli ni tofauti, kodi ya chumba ni tofauti, na chakula ni bei tofauti. Basi ukiuliza ukubwa wa chuo, uliza ukubwa wa ile kampasi atakayokaa mtoto wako, na wanafunzi wangapi wanatumia maabara moja.

JUU YA SIFA

Sifa haimei kwa usawa katika chuo chote. Chuo kinaweza kuwa na jina kubwa na idara fulani dhaifu, au kuwa na jina dogo na idara imara. Busitema hufundisha uhandisi wa madini, wa maji, wa nguo na wa usindikaji wa mazao. Kozi hizo zinafanana na nchi inayokizunguka chuo: wilaya ya Busia ina wachimbaji wa dhahabu, Tororo ina saruji na fosfeti ya vilima vya Sukulu, na Teso hulima pamba. Kijana anayetaka kazi ya madini akidharau Busitema kwa sababu shangazi yake hajasikia jina lake, atakuwa amemwachia shangazi achague kazi yake.

Hata ng'ambo ya mpaka hali ni hiyo hiyo. Chuo Kikuu cha Alupe, katika kaunti ya Busia, kilianza mwaka 2015 chini ya Chuo Kikuu cha Moi, kikapata hati yake mwaka 2022. Zamani watu walilijua jina la Alupe kwa hospitali ya ukoma. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro huko Kakamega kilitokana na chuo cha harambee kilichoanzishwa mwaka 1972, ambacho wazee wetu walikiita WECO, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Maseno kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2001, na Kibabii kikapata hati mwaka 2015. Vyote hivi viliwahi kuitwa vyuo vya kijijini, na leo walimu na wauguzi waliosoma humo wanafanya kazi katika wilaya zote za magharibi.

Lakini nisiwadanganye. Jina kubwa lina faida, na kwa mkimbizi lina faida zaidi. Mwenyeji akitafuta kazi huwa na mjomba wa kumsemea ofisini. Sisi hatuna. Mwajiri wa Juba, Goma au Nairobi akisoma "Makerere" kwenye karatasi hana haja ya kuuliza ni wapi. Jina linafanya kazi ya mjomba. Kwa hiyo kijana aliyekubaliwa Makerere katika kozi aliyoitaka, na karo yake ina mlipaji mpaka mwisho, aende na asitazame nyuma.

Shida ni kwa yule ambaye karo yake ni ya mwaka mmoja tu. Ukoo mzima unauza mbuzi na mahindi ili mtoto aingie chuo chenye jina, halafu mwaka wa pili anarudi nyumbani. Hakuna cheti cha nusu. Aliyemaliza diploma katika Chuo cha Ushirika cha Tororo ana karatasi ya kuonyesha, na Uganda inamruhusu mwenye diploma nzuri kuomba shahada baadaye. Aliyeacha katikati ana deni na masimulizi.

CHETI KINACHOVUKA MPAKA

Ninyi mliopita Busia mnajua kwamba neno bodaboda lilizaliwa huko mpakani. Baiskeli zilibeba watu na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi nyingine. Tangu 2018 Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo lori hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Cheti cha chuo bado hakijapata bahati ya lori. Mwaka 2017 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu, ili masomo ya nchi moja yatambuliwe katika nyingine. Hata hivyo anayetaka kutumia cheti chake nchi nyingine bado hupitia ofisi: Uganda ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, yaani NCHE, na Kenya ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Wauguzi, madaktari na wahandisi wana pia mabaraza yao ya kuwasajili.

Mwenyeji anaweza kuishi maisha yake yote na cheti kinachojulikana wilaya moja. Mkimbizi hajui kesho ataishi wapi. Huenda akabaki Uganda, huenda akarudi kwao, huenda akapelekwa nchi ya mbali. Cheti chake lazima kiweze kusafiri. Kwa ajili hiyo kibali ni kikubwa kuliko jina.

Mfano wake tunao karibu. Mwaka 2017 NCHE iliondoa leseni ya Chuo Kikuu cha Busoga, Iganga, kilichokuwa cha binafsi wakati huo. Kabla ya hapo ulikuwa umezuka mzozo kuhusu shahada walizopewa wanafunzi wengi wa Sudan Kusini, ambao walidaiwa kutotimiza muda wa masomo. Waliopata hasara kubwa ni wageni, watu ambao hawakujua mlango wa kugonga. Wala vyuo vikubwa havina kinga: mwaka 2023 orodha ya NCHE ilionyesha kozi nyingi ambazo muda wa vibali vyake ulikuwa umepita, zikiwamo za Makerere. Leseni ya chuo ni kitu kimoja, na kibali cha kozi ni kitu kingine. Uliza vyote viwili.

MASWALI MATANO KABLA YA KULIPA

Kwanza, je, chuo kina leseni, na kozi yenyewe ina kibali kisichopitwa na wakati? Orodha iko NCHE na haifichwi.

Pili, je, vyeti vyangu vya zamani vinakubaliwa? Aliyesoma Kenya, Kongo au Sudan Kusini huhitaji matokeo yake ya sekondari yalinganishwe na UNEB. Kazi hiyo ianze mapema, isingoje barua ya chuo.

Tatu, je, nitalipa karo kama nani? Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa haki sawa na raia katika elimu ya msingi. Katika elimu ya juu inatuweka angalau sawa na wageni wengine. Kwa hiyo usidhani. Omba chuo kikuandikie.

Nne, nani atalipa mpaka mwaka wa mwisho? Mpango wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani na kusimamiwa na UNHCR, umesomesha wakimbizi wengi, lakini nafasi ni chache kuliko waombaji.

Tano, na hili ni kwa sisi tuliotoka Kenya: Alupe inaonekana karibu, lakini kurudi kusoma katika nchi uliyoikimbia ni jambo la kisheria. Mkataba wa mwaka 1951 unasema hali ya ukimbizi inaweza kukoma kwa aliyerudi kwa hiari yake na kukaa tena kwao. Nenda Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR kwanza, na jibu liwe kwa maandishi.

KWA WAGENI WETU

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, tunawashukuru. UNHCR yenyewe ilieleza kwamba mwaka 2016 ni wakimbizi 1 kati ya 100 duniani waliofika elimu ya juu, na mwaka 2023 walikuwa 7 kati ya 100. Lengo ni 15 kati ya 100 ifikapo mwaka 2030. Hapa kwetu tunaomba mambo mawili yasiyo makubwa. Majibu ya ufadhili yatoke kabla ya siku ya kuripoti chuoni, kwa sababu nafasi haimngojei mtu. Na mtusaidie gharama ya kulinganisha vyeti, kwani kijana anaweza kuwa na alama za kutosha akazuiwa na karatasi moja tu.

Vijana wangu, msione haya kutaja Busitema, Nagongera au Chuo cha Ushirika mbele ya wenzenu. Wazazi, msimpime mtoto kwa jina la lango aliloingia. Ngojeni mwone kama ametoka na cheti. Na yeyote mwenye barua ya chuo mkononi, ailete kwa Kamati kabla ya kutoa shilingi yake ya kwanza. Tutaisoma pamoja naye, na kozi tutaitafuta katika orodha.