Rae Bareli, jimbo lililomwangusha waziri mkuu

Msikilizaji, ukitaja Rae Bareli, wengi hukumbuka jina moja tu: Gandhi. Ni kweli, Feroze Gandhi alilichukua jimbo hilo la Uttar Pradesh, India, mwaka 1952, mkewe Indira akalitwaa 1967, na mwaka 2024 mjukuu wao Rahul akashinda huko. Lakini kuliita mali ya ukoo ni kuwavunjia heshima wapiga kura wake.

Mwaka 1971 Indira alimbwaga mpinzani wake Raj Narain kwa kura zaidi ya laki moja. Raj Narain akaenda mahakamani. Tarehe 12 Juni 1975, Jaji Jagmohanlal Sinha wa Mahakama Kuu ya Allahabad akabatilisha ushindi wa Indira, waziri mkuu aliyekuwa madarakani. Makosa yenyewe? Maofisa wa serikali walimjengea majukwaa ya mikutano na kupeleka umeme wa vipaza sauti, na mtumishi wa umma alimsaidia kampeni. Wapo waliosema hayo ni mambo madogo. Mimi siyaoni madogo hata kidogo, kwa sababu mpinzani hakuwa na dola ya kumpigilia misumari jukwaani.

Siku 13 baadaye hali ya hatari ikatangazwa. Wapinzani wakatiwa ndani, Raj Narain akiwamo, na magazeti yakabanwa.

Uchaguzi ulipoitishwa Machi 1977, Rae Bareli ikampa Raj Narain ushindi wa kura zaidi ya 55,000. Mwaka 1980 Indira aligombea hapo na Medak pia, kusini mwa India. Akashinda kote kuwili, akachagua Medak.