Barua ya Chifu: Namna Ukambani Unavyorithisha Jinsia, Kabila na Tabaka



Nimeombwa nizungumzie jinsi desturi za jinsia, kabila na tabaka zinavyopita kutoka kizazi hadi kizazi. Wengi wetu tuna jibu tayari: ndivyo tulivyokuta. Jioni hii nakusudia kulipinga jibu hilo. Desturi haijirithishi yenyewe. Hurithishwa kwa kazi, kwa karo na kwa karatasi, na mara nyingi ukiifuatilia utakuta ina tarehe, tena tarehe ya juzi juzi.

Nianze na kabila. Katika vichekesho vya redioni na vya jukwaani Nairobi, Mkamba anayeigizwa ni soja wa langoni au yaya. Ni mtiifu, ana lafudhi nzito, na akiwa wa kutoka Kitui basi hakosi uchawi mfukoni. Hadhira hucheka ikiamini kwamba Mkamba ndivyo alivyo tangu enzi na enzi. Sasa turudi 1849. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui, mwenyeji wake alikuwa Kivui Mwenda, tajiri aliyeongoza misafara ya pembe za ndovu kati ya bara na pwani. Mombasa ya siku hizo ilimjua Mkamba kama mfanyabiashara, mtu wa kupatana bei, wala si wa kumfungulia mwingine lango.  

Haikupita karne kabla ya mfanyabiashara huyo kugeuzwa askari. Waingereza walikuja na imani waliyoikuza India, kwamba yako makabila yaliyozaliwa kwa ajili ya vita. Wakamba wakatiwa katika orodha hiyo, wakaingia jeshi la King's African Rifles na polisi kwa wingi uliozidi kadiri ya idadi yao nchini. Utii ukasemwa kuwa uko katika damu yao. Kisha 1938 serikali ikaanza kuwachukulia ng'ombe kwa nguvu, ikidai inapunguza mifugo ili kuokoa udongo. Maelfu wakamfuata Samuel Muindi Mbingu hadi Nairobi, wakapiga kambi wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Muindi alipelekwa kizuizini Lamu, lakini amri ya ng'ombe ililegezwa, na sababu mojawapo ilikuwa hofu ya serikali juu ya vijana wa kabila hilo waliokuwa na bunduki zake mikononi. Sifa waliyopachikwa wakaifanya silaha ya kudai haki yao. Hapo ndipo penye ugumu wa somo letu: hata anayebanwa na desturi huwa ana kitu anachokipata ndani yake, na kwa ajili ya kitu hicho hataki kuiacha.

Mshahara wa jeshi nao ulizaa tabaka. Nyumba iliyokuwa na mtu jeshini ilipata karo, na karo ikazaa karani, mwalimu, mkaguzi. Jirani ambaye hakuwa na mshahara alibaki na jembe. Na aliyeshika jembe hilo kwa kawaida alikuwa mwanamke.

Ninyi wa Makueni mnazijua fanya juu zilizopanda vilima vya Mbooni na Kilungu. Sehemu kubwa ya matuta hayo ilichimbwa na vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, miaka ya 1950, Makueni ilipokuwa bado ndani ya Machakos (wilaya ilikatwa 1992). Wanaume wengi walikuwa mbali wakitafuta mshahara, kwa hiyo mwethya ikawa hasa ya wanawake. Hata leo, penye bwawa la mchanga linalojengwa mtoni, wengi wanaobeba mawe na kukoroga saruji ni wanawake. Lakini hati ya shamba lililookolewa na tuta hilo ilipoandikwa, jina lililoingia lilikuwa la mume au la baba mkwe. Hakuna mzee aliyekaa akaamua kumdhulumu mtu. Karani aliuliza mwenye boma ni nani, akajibiwa, akaandika.

Kuna desturi yetu moja ambayo wageni huisifu bila kuielewa: iweto. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, hutoa mahari na kumwoa msichana ili amzalie watoto watakaoitwa wa boma lake. Wengine wameuona huu kuwa uhuru wa ajabu wa mwanamke wa Kiafrika. Mimi naona jambo jingine. Mwanamke anakalia kiti cha mume, anatoa mahari kama mume, anaamua kama mume, na akimaliza yote hayo kanuni iliyomsumbua imezidi kuwa imara: boma lisilo na mwana wa kiume halina mrithi. Tena ni nani mwenye mbuzi na ng'ombe wa kumwoa mwingine? Ni mjane mwenye mali. Na anayeolewa ni binti wa kwao kusiko na kitu. Jinsia na tabaka hupita mlango mmoja, na msichana huyo ndiye anayelipia vyote viwili.

Mtaniambia kuna sheria. Ipo. Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, nayo haibagui kati ya binti na mwana wa kiume. Kitui na Makueni hazimo katika wilaya za wafugaji zilizoachiwa kufuata mila juu ya ardhi na mifugo. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Machakos ilikataa hoja kwamba mila ya Wakamba humnyima binti aliyeolewa urithi wa baba yake. Katiba ya 2010 ikapigilia msumari. Lakini kabla familia haijafika mahakamani hupitia kwa chifu kuchukua barua inayotaja warithi. Kaka hutaja majina, chifu hupiga muhuri. Dada aliyeolewa Mwingi au Kibwezi huletewa fomu ya kuridhia, mara nyingi wakati wa matanga, mbele ya wajomba, na kukataa kuitia sahihi ni kuitwa mchoyo mbele ya ukoo mzima. Desturi imehifadhiwa hapo, katika dakika tano za aibu.

Msidhani haya ni ya watu maskini pekee. Uswidi iliwapa akina baba haki ya likizo ya malezi tangu 1974, na hadi leo akina mama ndio wanaochukua siku nyingi zaidi. Sheria ilibadilika kabla ya jikoni.

Wala msiniambie habari ya Charity Ngilu kana kwamba inamaliza mjadala. Aligombea urais 1997, na 2017 Kitui ikamfanya mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini. Makueni, kwa upande wake, imekuwa na wanawake wawili mfululizo katika unaibu gavana, Adelina Mwau na Lucy Mulili, na wanaume wawili katika ugavana. Naheshimu kura hizo. Ila kura haimpunguzii mtu hata hatua moja ya shamba. Mwanamume aliyemshangilia Ngilu mkutanoni aliweza kurudi nyumbani na kumnyima dada yake ekari mbili, asione ukinzani wowote.

Ndiyo maana maneno yangu ya mwisho nayaelekeza kwa machifu mlio humu, si kwa wabunge. Kabla ya kutia muhuri barua ijayo, ulizeni marehemu alikuwa na mabinti wangapi na wako wapi. Wapigieni simu ninyi wenyewe, msiwaachie kaka zao. Andikeni majina yote, ya walioolewa na ya wasioolewa. Mtakuwa hamfanyi mapinduzi yoyote. Sheria haijawabagua mabinti hao tangu 1981.