Kwa Nini Mtoto Husahau?



Tulipokuwa tungali wageni katika uchungaji, tulilifundisha darasa la kipaimara Amri Kumi zote kwa Jumamosi moja. Saa sita ilipofika watoto walizisema barabara, nasi tukafurahi. Jumamosi iliyofuata tulimwuliza kijana mmoja amri ya nne, ile ya kuikumbuka Sabato. Akanyamaza. Tukamkemea mbele ya wenzake kuwa hana bidii. Hakurudi tena.

Je, kosa lilikuwa la nani?

Mwaka wa 1885 mtaalamu Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapa kitabu juu ya kumbukumbu. Alijipima mwenyewe, akikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akiangalia amesahau kiasi gani. Aliona ya kuwa kusahau huja upesi sana katika saa ya kwanza, halafu hupunguza mwendo. Tena aliona kwamba kuirudia orodha mara 38, kwa kuzigawanya katika siku 3, kulimfaa sawa na kuirudia mara 68 katika siku moja.

Basi kusahau si lazima kuwe uvivu au ukaidi. Mvua kubwa ya saa moja hupita juu ya shamba na kuuchukua udongo. Manyunyu ya siku nyingi hufika mizizini. Sisi tulimwaga mafuriko, kisha tukalilaumu shamba.

Liko na jambo la pili. Mwaka wa 2006, huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari fupi waisome. Baadhi waliisoma tena. Wengine waliandika waliyoyakumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliosoma tena ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya juma moja, mambo yaligeuka: walioandika kwa kukumbuka waliwapita.

Ndugu walimu na wazazi, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6 wazazi wa Israeli waliagizwa wawafundishe watoto wao nyumbani na njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Hayo si mafundisho ya siku moja. Ni ya kila siku, kidogo kidogo.

Kwa hiyo tufundishe machache. Kila kipindi tuanze kwa kuuliza ya juma lililopita, na mara nyingine ya mwezi uliopita. Mtoto akikwama, tumpe neno la kwanza, kisha tumngoje. Swali liwe msaada wa kukumbuka, lisiwe fimbo.

Na kama yuko mtoto uliyemwaibisha kwa kusahau, nenda kwake leo. Sisi tulikwenda tukiwa tumechelewa. Kijana yule alikuwa amekwisha kuhama.

Tuombe: Ee Bwana, wewe unayejua umbo letu, utupe subira kwa wadogo uliotukabidhi. Amina.