Ukiumia Mashineni kwa Mtu, Usitie Dole Haraka

(Mazungumzo na wanakisomo wa Mwankoko, Singida)



Leo tunazungumza juu ya mtu aliyeumia kwenye mali ya mtu mwingine. Hapa Singida tunalima alizeti, na alizeti hukamuliwa mashineni. Tuseme mama mmoja amepeleka gunia lake. Mkanda wa mashine hauna kinga. Khanga yake inanaswa, mkono unavutwa, unavunjika. Kesho yake mwenye mashine anafika nyumbani na shilingi 50,000 na karatasi. Anasema, "Mama, pole sana. Weka dole gumba hapa, yaishe."

Jamani, hapo ndipo watu hupotea. Huenda karatasi ile inasema mama amelipwa fidia yote na hatadai tena. Na mkono bado haujapona! Hajui kama atashika jembe tena. Sisi tumejifunza kusoma, basi tuisome. Kupokea fedha za dawa si kosa, lakini iandikwe hivyo, "fedha za matibabu".

Mtauliza, anadai kwa sheria gani? Huko Uingereza, fundi wa gesi aliingia kazini katika kiwanda cha sukari, akatumbukia katika shimo lisilo na uzio. Mwaka 1866 mahakama ikasema: mtu aliyekuja kwako kwa shughuli inayokuhusu, mkinge na hatari unayoijua au uliyopaswa kuijua. Sheria za namna hiyo zililetwa kwetu na ukoloni. Sheria yetu inazitaja zile zilizokuwapo tarehe 22 Julai, 1920, na mahakama zetu bado zinazitumia. Mama wa alizeti ni kama yule fundi. Mwizi aliyeingia usiku hana kinga hiyo. Na kama mama alionywa asisogee akasogea, hakimu anaweza kupunguza fidia.

Sasa ushahidi. Kwanza hospitali. Ndugu mmoja aende polisi kuchukua fomu namba 3, ile tunayoiita PF3. Tunza cheti cha daktari, risiti za dawa, hata kikaratasi cha kupimia alizeti, maana kinaonyesha ulikuwa mteja. Andika kwenye daftari siku, saa, na majina ya walioona. Mwenye simu apige picha ya ule mkanda kabla haujafunikwa. (Utafunikwa upesi, mtaona!)

Baraza la Kata laweza kuwapatanisha. Mkishindwana, madai ya uzembe hayaanzii Mahakama ya Mwanzo. Huenda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Muda wa kufungua ni miaka 3 tangu kuumia. Ukipita, umechelewa.

Na wakili ni ghali, tunajua. Ndiyo maana ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kwa ajili ya wasio na uwezo. Mwulize afisa mtendaji wa kata, au afisa maendeleo ya jamii, msaidizi wa kisheria yuko wapi. Msaada wake ni bure. Anayedai fedha, mkatae. Atakushauri na kukuelekeza kwa wakili, ila yeye mwenyewe hasimami mahakamani kama wakili.

Aliyeajiriwa pale mashineni ana njia nyingine, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ajali itolewe taarifa ndani ya miezi 12.

Neno moja kwa wenye mali, maana nao wamo humu. Wengi tunachimba mashimo ya matofali karibu na njia, na masika yanajaa maji. Watoto huenda kucheza pale. Zungusha miiba leo, na shimo usilolihitaji lifukie. Mtoto akizama, hutaweza kumwambia hakimu kwamba hukujua watoto wanapita.

Sasa leteni maswali.