Kuloweka: Maana ya Neno na Asili Yake



Neno ninaloliwasilisha hapa Tibirinzi, Pemba, ni la jikoni na la pwani: kuloweka. Wapo wanaotamka kuroweka, na maana haibadiliki. Tunapolifundisha huwa tunalipitia mbio. Tunamwambia mwanafunzi kuwa ni kutia kitu majini, basi. Lakini anayeosha mchele wa wali naye anautia majini, na hakuna atakayesema ameuloweka. Anayeutia usiku ili kesho ausage wa vitumbua, huyo ameloweka.

Tuanze na mzizi. Kutokana na kulowa tumepata kulowana, kulowesha na kuloweka. Kulowesha hakuna utata: mvua imetulowesha. Kuloweka ndiko kwenye fundo, kwa sababu -ik- au -ek- tuliyoizoea huonyesha hali: vunja, vunjika; soma, someka. Kwa kanuni hiyo kunde zingeloweka zenyewe. Mbona basi tunasema mama ameloweka kunde?

Ni kwamba Kibantu kina -ik- nyingine, ya kale, yenye maana ya kukiweka kitu mahali au katika mkao fulani kikae. Mwanaisimu Thilo Schadeberg ameieleza katika sura yake ya mwaka 2003 kuhusu unyambulishaji wa lugha za Kibantu. Leo hatuundi nayo tena maneno mapya kwa urahisi, lakini imesalia katika anika, tundika, bandika, ezeka. Irabu yake hufuata mzizi. Kwa kuwa low- ina o, tunapata -ek-. Waganda husema okunnyika na Washona kunyika kwa maana ya kuloweka: mzizi mwingine, mwisho ule ule. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoligawa neno hili kuwa lo na weka. Ile w ni mali ya lowa.

Kwa hiyo ndani ya kuloweka mna kuweka na kuacha. Muda umo ndani ya kitenzi chenyewe, na wanaolijua hili vizuri kuliko sisi wa vitabuni ni kina mama wa pwani wanaofanya kazi ya usumba. Makumbi ya nazi hufukiwa ufukweni, mahali maji yanapojaa na kupwa, yakagandamizwa kwa mawe ili yasichukuliwe. Hukaa humo miezi. Vijidudu vya majini hula ule utomvu unaoshikamanisha nyuzi, kumbi likalainika, likafukuliwa, likapigwa kwa gongo na kuoshwa mpaka ubaki usumba wa kusokota kamba. Kamba hizo ndizo zilizoshona mitepe ya mwambao huu, vyombo visivyokuwa na msumari. Ukiyafukua makumbi mapema nyuzi hazitoki, yamelowa, hayajalowekeka.

Jambo moja linanivutia sana. Ndugu wengi wa kitenzi hiki wana kinyume chao: anika, anua, bandika, bandua, ezeka, ezua. Loweka halina. Kilichoanikwa huanuliwa kikiwa bado kile kile, kikavu zaidi tu. Kilicholowekwa kimegeuka. Kunde zimevimba, ukwaju umeachia kokwa, ukili umekubali kukunjwa, na hakuna kitendo cha kuvirudisha vilivyokuwa.

Wapemba tuna ushahidi mwingine, wa majamvini. Karafuu zilizoanikwa zikikutwa na mvua, zimelowa. Hakuna mkulima atakayesema zimelowekwa, kwani hakuna aliyekusudia. Ni hasara, rangi hupauka na bei huanguka. Kusudio, basi, nalo lazima liingie katika fasili.

Baraza la Kiswahili Zanzibar lilitupatia Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Pendekezo langu ni kwamba katika matoleo yajayo, kidahizo hiki kitaje mambo matatu: maji, muda na kusudio la kulainisha, na kitolewe mifano ya makumbi na ukili pamoja na ile ya maharage. Waliomo humu wanaosuka mikeka na kusokota kamba ningeomba wapewe nafasi ya kwanza kuchangia, watutajie wanavyoita kila hatua ya kazi yao kabla katibu hajafunga daftari.