Ebola na Mkono wa Maombi

Mahubiri ya redio, Jumapili tarehe 18 Agosti 2019
Masomo: Luka 17:11-19 na Mathayo 4:5-7

 

Wiki hizi neno moja liko kinywani mwa kila mtu. Tarehe 14 Julai tulisikia kwamba Ebola imefika katika mji wetu. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura kwa ulimwengu. Tarehe 1 Agosti, mwaka mmoja tangu ugonjwa utangazwe kule Mangina, mpaka na Rwanda ulifungwa kwa saa kadhaa, na mama zetu wanaovuka kila asubuhi kutafuta chakula cha watoto wakabaki wamesimama na mizigo yao. Mwezi wa sita Uganda nayo ilipata wagonjwa, jamaa waliotoka huku kwetu kumzika mzee wao. Na juzi, tarehe 16, tumesikia jina la Mwenga, Kivu ya Kusini. Watu zaidi ya 1,800 wamekwisha kufa. Nchi jirani zinatuangalia kwa hofu, na sisi wenyewe tunaangaliana kwa hofu. Mtu akitapika ndani ya basi, kila mmoja anatafuta mlango.

Katikati ya hofu hiyo kuna swali linalotusumbua sisi watu wa maombi: mtu aliyejazwa Roho Mtakatifu akiacha kumwekea mgonjwa mikono, je, amepoteza imani?

Swali hili si la mchezo. Yule mgonjwa wa kwanza wa Goma alikuwa mchungaji. Alikwenda Butembo kuhubiri, akawagusa wagonjwa, kisha akaanza kuugua, akapanda basi kuja huku. Hatumhukumu, alikuwa katika kazi aliyoitiwa. Lakini tukikaa kimya, watumishi wengine watafuata njia hiyo hiyo, na nyuma yao wake zao, watoto wao na makundi waliyopewa kuyalinda.

Tuangalie basi Neno. Katika Luka 17, wakoma kumi walikutana na Yesu. Walisimama mbali, wakapaza sauti. Yesu hakuwaambia kwamba kusimama mbali ni ukosefu wa imani. Wala hakuwagusa. Aliwatuma waende kwa makuhani, na makuhani ndio waliokuwa na kazi ya kuchunguza ngozi ya mgonjwa, kama Mambo ya Walawi 13 inavyoeleza. Walipokuwa njiani, wakapona. Na katika Luka 7, mtumishi wa yule akida alipona bila Yesu kuingia hata katika nyumba yake. Nguvu ya Mungu haikupungua kwa sababu ya umbali.

Mtu atasema: lakini Marko 1 inaonyesha Yesu akimgusa mkoma. Ni kweli, alimgusa. Yeye ni Bwana, na ugonjwa haukuweza kutoka kwake kwenda kwa mwingine. Sisi mikono yetu inaweza kuubeba kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi kwa mwingine katika mstari ule ule wa maombi. Na hata mkoma yule Yesu alimtuma kwa kuhani akaonekane.

Wengine wanashika Zaburi 91 na kusema: tauni haitatukaribia, kwa nini tunawe mikono kwa maji ya klori? Tusome Mathayo 4. Zaburi hiyo ndiyo Ibilisi aliyoitumia alipotaka Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu. Ahadi ilikuwa ya kweli, lakini matumizi yake yalikuwa ya uongo. Yesu alikataa kumjaribu Baba yake. Kukataa chanjo, kuosha maiti kwa mikono mitupu, kumficha mgonjwa chumbani halafu kumwambia Mungu atulinde, huko ni kujitupa kutoka juu ya hekalu.

Tuseme pia juu ya kuficha, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa unapopata mguu wa kuvuka mpaka. Ebola haiji kwa upepo. Inapita katika damu, matapishi, kuharisha, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, na maiti inaambukiza sana. Aliyeguswa anaweza kukaa siku 2 hadi 21 kabla ya kuanza kuugua, na kabla ya dalili haambukizi mtu. Kwa hiyo anayejitaja mapema anaokoa nyumba yake. Mchungaji yule alipofika, dereva na abiria wa basi lake walitafutwa, wakapewa chanjo. Uganda ilikuwa imewachanja waganga wake kabla ya ugonjwa kuingia, nao ukazuiliwa pale pale. Mpaka ukifungwa, watu hupita porini, mahali ambapo hakuna wa kuwapima homa wala wa kuwapa maji ya kunawa.

Tunajua maneno yanayosemwa mtaani: Ebola ni biashara, tulipokatwa mapanga Beni dunia haikuja, leo imekuja na magari kwa sababu ya homa. Uchungu huo ni wa kweli na Mungu anausikia. Lakini tusiumalizie kwa waganga. Mwezi wa nne daktari kutoka Kameruni aliuawa Butembo, akiwa kazini kwa ajili yetu. Tukimpiga mawe Msamaria anayemwaga mafuta katika jeraha, nani atambeba aliyeumia?

Na leo tunalo tumaini la kutangaza. Wiki hii tumesikia kwamba dawa mbili, zilizojaribiwa hapa hapa nchini chini ya Profesa Muyembe na wenzake, zinaponya karibu wagonjwa 9 kati ya 10 wanaofika mapema, virusi vikiwa bado vichache katika damu. Dawa moja ilianzia katika damu ya mtu aliyepona Ebola kule Kikwit mwaka 1995. Na hapa Goma mama mmoja, aliyefiwa na mumewe kwa ugonjwa huu, ametoka hospitalini mzima pamoja na mtoto wake mdogo. Watu hao wakirudi mtaani, tusiwakimbie. Kati ya wale kumi, aliyerudi kushukuru alikuwa mgeni. Tusiwe sisi wa kumfukuza anayerudi na shukrani.

Basi, wapendwa, tunawaomba hivi. Wachungaji, tuwaombee wagonjwa kwa kunyoosha mikono kutoka mbali, bila kugusa, kisha tuwapeleke wakapimwe. Ndoo ya kunawa isikose mlangoni pa kanisa. Tusalimiane kwa neno. Kwenye kilio, tuwaachie waliofundishwa kazi ya kuzika. Sisi tuimbe, tuombe, tuwapikie waliofiwa. Mwenye homa asipande basi. Aliyeitwa kwa chanjo aende, na mwenye hofu asindikizwe na ndugu.

Tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke wa Beni, Butembo, Mambasa, Mwenga na Goma. Walinde majirani zetu wa Rwanda, Uganda na Burundi. Watie nguvu waganga. Utuondolee hofu inayoficha, na kiburi kinachojiita imani. Uponye nchi yetu, katika jina la Yesu. Amina.