Kufundisha Kiingereza Ng'ambo: Anza na Vyeti, Usianze na Nauli

Haya ni maneno ya mwalimu mmoja, mkazi wa Lanet, aliyefundisha Kiingereza nchini Thailand kwa miaka 3. Aliyatoa mbele ya wazazi, walimu vijana na wanafunzi wa vyuo. Tunayachapisha ili yawafae wakazi wengine wa kaunti.



Nimeombwa niongee kuhusu kazi ya kufundisha Kiingereza ng'ambo. Kazi hiyo ipo. Mimi nimeifanya, na nyumba anayoishi mama yangu leo imeezekwa kwa pesa hizo. Lakini kabla ya kuipata nilipoteza ng'ombe wa watu, na ningependa nianzie hapo.

Nilipomaliza chuo nilisajiliwa na TSC, nikatuma maombi, nikangoja. Nilifundisha shule za kibinafsi kwa mshahara ambao nauli na kodi ya nyumba ziliumaliza. Mwaka wa tatu nikakutana na ajenti mjini. Akaniambia kuna shule huko Asia zinatafuta walimu wa Kiingereza haraka. Hakuuliza shahada yangu. Hakuuliza nimefundisha darasa gani. Aliuliza kama nina pasipoti na shilingi 150,000.

Mama aliuza ng'ombe wa maziwa, nami nikakopa kwa chama. Ajenti akasema nitasafiri kwa viza ya utalii, halafu mambo yatarekebishwa nikishafika. Wiki mbili kabla ya safari nilienda ofisini kwake nikakuta mlango umefungwa, na wenzangu 6 wamesimama nje na risiti mkononi. Pesa haikurudi mpaka leo.

Siku ile nililia. Baadaye nilikuja kushukuru kwamba sikupanda ile ndege, kwa sababu Wakenya wengine walipanda. Tangu mwaka 2022 serikali yetu imekuwa ikionya kuhusu kazi za uongo nchini Thailand. Kijana anaahidiwa huduma kwa wateja, mauzo, au kufundisha. Anapokelewa Bangkok, anaingizwa kwenye gari mpaka Mae Sot, mji wa mpakani, kisha anavushwa mto Moei hadi Myawaddy nchini Myanmar. Huko ananyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kukaa kwenye kompyuta kutapeli watu mtandaoni. Mwanzoni mwa mwaka 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa katika kambi hizo, na Wakenya walikuwamo.

Sasa mtauliza: mtu atajuaje kazi ya kweli? Mimi nitawaeleza jinsi ya kwangu ilivyokuja, mlinganishe wenyewe.

Niliomba shuleni moja kwa moja. Kitu cha kwanza walichotaka ni nakala ya shahada na matokeo yangu ya chuo. Wakataka cheti cha TSC. Wakataka matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama IELTS au TOEIC, kwa sababu Kenya haihesabiwi miongoni mwa nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya kuzaliwa. Wakataka cheti cha tabia njema, kile kinachoombwa kwenye eCitizen na alama za vidole zikachukuliwa Huduma Centre. Halafu wakanihoji kwa video na kuniamuru nifundishe somo la dakika 20 wakinitazama. Shughuli yote ilichukua miezi 7, na hakuna aliyeniambia niharakishe.

Mwajiri wa kweli anahangaika na vyeti vyako, kwa sababu bila hivyo serikali ya nchi yake haitampa kibali cha kukuajiri. Tapeli hana haja na vyeti. Anachotaka ni pesa yako, au wewe mwenyewe.

Kuhusu viza, sikilizeni vizuri. Thailand mwalimu huingia kwa viza ya kazi, ile wanayoiita Non-Immigrant B, kisha anachukua kibali cha kazi, na shule inamwombea ruhusa kwa baraza lao la walimu. Kila siku 90 unaripoti kwa idara ya uhamiaji. Anayefundisha kwa viza ya utalii anavunja sheria, na akidhulumiwa mshahara anaogopa hata kwenda polisi.

Nchi nyingine mlango ni mwembamba zaidi. Korea Kusini viza yao ya walimu wa Kiingereza, E-2, hutolewa hasa kwa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Sisi hatumo, hata uwe na alama ya A katika kila mtihani. Kwa hiyo mtu akikuuzia nafasi ya E-2, ameshajitambulisha. Marekani nako kuna mpango wa walimu kwa viza ya J-1. Wao wanataka shahada na uzoefu wa miaka 2 ya kufundisha, na viza yenyewe ina mwisho wake. Ile kozi ya mtandaoni ya saa 120 ya kufundisha Kiingereza inasaidia, lakini haichukui nafasi ya shahada.

Tena msisahau lugha yetu wenyewe. Marekani wamekuwa na mpango wa Fulbright unaowachukua walimu vijana, wengi wao wa Kiingereza, wakafundishe lugha zao za nyumbani katika vyuo vikuu kwa mwaka mmoja wa masomo. Wakenya wamekwenda kwa njia hiyo kufundisha Kiswahili. Katika Kiingereza tunaulizwa kama sisi ni wenyewe. Katika Kiswahili hatuulizwi. Ukiwa na shahada ya Kiingereza na Kiswahili, usiifiche ile ya pili.

Sasa nije kwa sheria, maana hapa ndipo wengi wetu tunapita mbali. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 83, inasema mkataba wa kwenda kufanya kazi nje uwe wa maandishi kwa utaratibu uliowekwa, utiwe sahihi, na ushuhudiwe na afisa wa kazi. Afisa huyo anatakiwa kuhakikisha kwamba umekubali kwa hiari, hukudanganywa, una afya ya kutosha, na hufungwi na mkataba mwingine.

Mimi niliupeleka mkataba wangu kwa afisa wa kazi nikidhani ni muhuri tu. Yule mama aliusoma wote. Akaniuliza, "Mwalimu, umeona utalipwa miezi 10 kwa mwaka?" Sikuwa nimeona. Likizo ya Machi mpaka katikati ya Mei haikuwa na mshahara. Kama ningeondoka hivyo, ningekaa mwezi wa Aprili bila kodi ya nyumba katika nchi ambayo sijui hata kuomba maji. Tuliwaandikia, wakakubali kulipa miezi 12.

Kama unapitia kwa ajenti, hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na kwamba usajili wake haujaisha. Usikubali picha ya cheti kwenye simu. Tafuta mwenyewe kwenye mtandao wa Mamlaka, au uende uulize.

Walimu walioajiriwa na TSC, msiondoke kimya kimya. Kuacha darasa bila ruhusa ni utoro wa kazi, na siku utakaporudi utaikuta faili yako ikikungoja. Omba likizo au jiuzulu kwa barua.

Na tukiwa huko? Sitawadanganya. Darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto 46. Saa 2 asubuhi tunasimama wote kwa wimbo wa taifa. Watoto wananisalimu kwa kuunganisha viganja na kuinamisha kichwa, nami nikazoea. Wazazi wengine walimuuliza mwalimu mkuu kwa nini ameleta Mwafrika. Walimu wa kutoka Uingereza walilipwa zaidi yangu kwa kazi ile ile. Niliumia, lakini nilikuwa na kibali changu, mkataba wangu na pasipoti yangu kabatini. Mwenye vitu hivyo vitatu anaweza kuvumilia, na akichoka anaweza kurudi nyumbani.

Wazazi, neno langu la mwisho ni lenu. Mtoto akija na habari ya kazi ng'ambo, msimcheke na msimkatize. Mwambieni alete mkataba mezani. Usomeni pamoja: jina la shule, mshahara, miezi ya malipo, nyumba, viza, nani analipa tiketi ya kurudi. Kisha uende kwa afisa wa kazi. Ng'ombe asitoke zizini kabla mkataba haujatoka kwa afisa.

Na kama umeshatapeliwa, usikae kimya kwa aibu. Mimi nilikaa kimya mwaka mzima, na mwaka huo wengine walilipa. Nenda polisi, andikisha taarifa, hifadhi ujumbe na risiti za M-Pesa. Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Watu ya mwaka 2010 inampa mlanguzi kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Lakini haiwezi kumshika mtu ambaye hakuna aliyemshtaki.

Nimeleta mkataba wangu wa zamani. Uko hapa mezani. Wanaotaka kuona mkataba wa kweli unavyofanana, njooni tuusome.